Tusikidharau Chungu cha Nyumbani

Yako mambo ambayo watu wengi huyadhani kuwa madogo mno kuandikwa katika ukurasa huu. Chakula cha jioni ni moja katika hayo. Mhariri akiandika habari za bei ya pamba, au bajeti ya Serikali, au mkutano wa mataifa, hakuna amwulizaye sababu; lakini akiandika habari za sufuria ya maharage, wasomaji wengine hucheka na kusema ya kwamba hayo ni maneno ya jikoni, na jikoni ni mahali pa kina mama. Twawaomba radhi wenye kucheka, maana leo twakusudia kuingia jikoni, wala hatutatoka humo mpaka tumesema yote tuliyo nayo moyoni.

Twasema hivi: desturi ya kupika nyumbani chakula cha jioni, chakula cha kale na cha bei ndogo, kilichopikwa katika chungu kimoja na kuliwa na watu wa nyumba moja, yapungua katika miji yetu, na yapungua kwa sababu mbaya. Haipungui kwa kuwa tumepata kitu kilicho bora zaidi. Yapungua kwa kuwa tumeanza kuionea haya.

Mtu apitaye katika mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha wakati wa magharibi ataona jambo hili kwa macho yake. Baba hutoka kazini akala chipsi na mayai kibandani, akafika nyumbani ameshiba. Mama hununua maandazi au chapati mbili njiani kwa kuwa amechoka. Watoto hupewa fedha kidogo wakajitafutie, nao hurudi na viazi vya kukaanga vilivyofungwa katika karatasi, kila mtoto na chake, kila mtoto pembeni mwake, na simu mkononi. Usiku huingia, taa huzimwa, na watu wa nyumba ile wamelala chini ya bati moja pasipo hata mmoja kumwuliza mwenzake siku ilikwendaje.

Hatuwasemi vibaya wauza chipsi wala kina mama ntilie. Hao ni wenzetu wenye kutafuta riziki kwa jasho lao, na mfanyakazi aliye mbali na kwake saa saba mchana hana budi kuwashukuru. Tena mama ntilie wengi wapika chakula kile kile tunachokisifu hapa. Neno letu si juu ya mchana, ni juu ya jioni. Wala si juu ya mtu aliye safarini, ni juu ya mtu mwenye nyumba, mwenye jiko, mwenye watoto, ambaye amelifanya jiko lake kuwa mahali pa kuchemshia maji ya chai tu.

Kwanza na tuitazame hesabu. Bei hubadilika, na za Kigoma si za Tanga, kwa hiyo hatutaki kutaja shilingi. Lakini kila msomaji aweza kuchukua kalamu na kufanya hesabu hii mwenyewe. Na aandike upande mmoja fedha inayonunua sahani mbili za chipsi na mayai. Upande wa pili na aandike bei ya kilo moja ya unga wa dona, nusu kilo ya maharage, fungu la mchicha, nyanya nne, kitunguu na mafuta kidogo. Aghalabu ataona ya kwamba pande hizo mbili zakaribiana. Upande wa kwanza umewalisha watu wawili. Upande wa pili umewalisha watu sita, na pengine kimebaki kiporo cha asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo haba na haba hukitoboa. Mtu atoaye fedha ya ziada kila jioni kwa muda wa mwezi mzima, kisha mwisho wa mwezi akakopa ili kulipa kodi ya nyumba, hakopi kwa sababu ya kodi. Amekopa kwa sababu ya tumbo lake, ila hajui.

Hatuandiki haya kama watu wasio na kosa. Jioni moja walitufikia wageni pasipo taarifa, na mmoja wao alikuwa mzee wa makamo ya heshima. Jikoni makande yalikuwa yamekaribia kuiva. Nasi tuliona haya. Tukajisema, je, mtu kama huyu apewe makande, kama mwanafunzi wa bweni? Tukachukua fedha iliyowekwa kwa ajili ya madaftari ya mtoto, tukamtuma kijana mbio akanunue kuku wa kukaanga na chipsi. Chakula kikaja, kikawekwa mezani. Yule mzee akaonja kidogo kwa adabu, kisha akainua kichwa akauliza, “Samahani, wenyeji wangu, je, ni makande ninayoyasikia harufu, au pua yanidanganya?” Makande yakaletwa. Mzee akala sahani mbili, akasimulia habari za mama yake aliyekuwa akiyapika kwa karanga, na mazungumzo yakawa matamu hata saa nne ya usiku. Kuku alibaki. Wageni walipokwisha kuondoka, mama wa nyumba alitutazama akasema, “Baba watoto, aibu ilikuwa yako, haikuwa ya makande.” Hatukuwa na jibu siku ile, wala hatunalo leo.

Aibu hii imetoka wapi? Haikuzaliwa nasi. Wakati wa ukoloni chakula kilipangwa kwa vyeo kama watu walivyopangwa. Mkate, siagi na nyama vilikuwa vya mezani; uji, muhogo na kunde vilikuwa vya vibarua, vya wafungwa na vya wanafunzi. Sisi tuliopita katika shule za misheni, hata za miaka ya karibuni, tulishibishwa maharage siku sita za juma, na wengi wetu tuliweka nadhiri ya kimya kimya ya kwamba tukipata kazi na mshahara tutayapa maharage kisogo. Hivyo ndivyo mtu anavyolipiza kisasi juu ya chakula kilichomlea. Twamlaumu Esau katika Maandiko kwa kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mchuzi wa dengu; lakini walao Esau alikuwa na njaa, naye alijua ladha ya dengu. Sisi tumeuza dengu zenyewe, na hatukupata haki yoyote.

Yafaa tukumbuke pia ya kwamba wageni waliowadharau wakulima wa nchi hii hawakuwa wajuzi kuliko wao katika habari za chakula. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, kwa kuwa watu wake walipungukiwa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta na wataalamu, na mamilioni ya pauni yakamwagwa. Mvua ya Kongwa haikuja kama vitabu vilivyotaka, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na fedha iliyopotea ilizidi pauni milioni 30. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakila ugali wa uwele na mtama kwa mlenda kabla ya trekta la kwanza kufika, na waliendelea kuula baada ya la mwisho kuondoka. Walijua ni mbegu gani yavumilia jua la kwao. Ujuzi huo haukuandikwa kitabuni; ulikuwa chunguni.

Na huo ndio ujuzi tunaotaka kuutetea. Watu wengi hufikiri ya kwamba chakula cha wazee kilikuwa cha umaskini tu, yaani walikula hivyo kwa kuwa hawakuwa na kingine. Ni kweli hawakuwa matajiri; lakini maskini aliyeishi na kulea hana nafasi ya kufanya ujinga, na kwa hiyo chungu chake kimejaa akili. Na tuchukue makande, chakula ambacho Wapare wanajulikana kwacho, nacho sasa chapikwa kila mkoa. Mahindi peke yake yana upungufu wa baadhi ya viini vya kujengea mwili. Maharage nayo yana upungufu wake. Lakini upungufu wa mahindi si upungufu wa maharage. Vikutanapo katika chungu kimoja kila kimoja humlipia mwenzake deni, na mlaji hupata kitu kinachokaribia nyama kwa kujenga mwili. Yule bibi wa Upareni wa kale hakupimiwa chakula chake katika maabara. Alitazama watoto wake.

Ndivyo ilivyo kwa vyakula vingine. Dagaa, wawe wa Kigoma au wa ziwa Viktoria, huliwa mzima mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo midogo ndiyo ijengayo mifupa ya mtoto. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga na majani ya kunde yana vitu vya kuongeza damu na kulinda macho. Bibi aliyetia karanga zilizotwangwa au tui la nazi katika kisamvu alifanya hivyo kwa ajili ya ladha. Kumbe mafuta yale ndiyo yausaidiayo mwili kuipokea vitamini ya macho iliyomo ndani ya majani. Aliyekamua ndimu juu ya mboga, au kuzipika na nyanya, aliusaidia mwili kuichukua ile madini ya chuma iongezayo damu. Aliyekitwanga kisamvu sana, akakichemsha kwa muda mrefu, aliiondoa sumu iliyomo katika majani ya muhogo mabichi. Wasukuma walikata viazi vitamu wakavianika wakapata michembe, au wakavichemsha kwanza kisha wakavianika wakapata matobolwa, nao wakawa na akiba wakati mashamba yamekauka. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji fedha nyingi. Chahitaji mtu ajuaye, na mtu wa kumrithisha.

Dunia yenyewe imeanza kuona. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2016 kuwa mwaka wa kimataifa wa jamii ya kunde, yaani maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu na ndugu zao. Kisha mwaka 2023 ukafanywa mwaka wa kimataifa wa nafaka ndogo ndogo kama uwele na ulezi. Wakati mataifa yalipokuwa yakikutana kuusifu ulezi, kijana wetu mjini alikuwa akiona haya kunywa uji wake mbele ya rafiki zake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo hatutaki msomaji adhani ya kwamba twasifu kila kitu cha zamani kwa kuwa ni cha zamani. Mahindi yenyewe, ambayo leo twayaita chakula chetu, si ya asili ya hapa. Asili yake ni Amerika, nayo yalifika kwetu baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Muhogo nao ni vivyo hivyo. Wazee wetu walivipokea, wakavijaribu, wakavifanya vyao. Basi jambo si upya wala ukale. Jambo ni kujua unakula nini na kwa nini. Wala hatumtaki mama yeyote arudi kwenye kinu kutwanga mahindi ya familia tangu alfajiri, hali mashine ipo. Mashine ilimpunguzia mwanamke mzigo mkubwa, na hilo ni jambo jema. Ubaya ni kwamba tuliipa mashine mahindi tukaiambia ituondolee na uhai wake. Unga wa sembe uliokobolewa, ule mweupe unaopendeza macho, umeondolewa kiini na ganda, ambamo mna mafuta na vitamini nyingi. Dona haipendezi macho sana, lakini hukaa tumboni na hufanya kazi. Tumechagua rangi, tukaacha nguvu.

Tena yako mambo ya kale yanayopaswa kuzikwa, wala yasifukuliwe. Katika nyumba nyingi baba alikula kwanza, akapewa minofu. Watoto na mama yao wakagawana mchuzi na mifupa. Kwa makabila mengine mama mjamzito alikatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa bila nywele. Chakula kile kile kilichojaa akili chunguni kiligawanywa kwa upumbavu sahanini. Nasi twasema wazi: anayetaka kurudisha chungu cha bibi, na amwachie babu ile desturi ya kuchukua paja la kuku peke yake. Anayekua ndiye wa kwanza kupewa, na anayebeba mimba ndiye wa pili. Sisi wenye ndevu tutapata kilichosalia, na hatutakufa.

Hapa ndipo tunapofika penye uchungu wa jambo lenyewe. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya ulionyesha ya kwamba mwaka 2015 na 2016 watoto 34 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100. Tumepiga hatua, na wahudumu wa afya wastahili shukrani. Lakini 30 katika 100 ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Mtoto aliyedumaa hadumai kimo tu. Akili yake nayo hukosa chakula katika zile siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hata miaka miwili, na kinachokosekana wakati ule ni vigumu mno kukirudisha baadaye.

Na tazameni jambo la ajabu. Miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi zaidi waliodumaa ni Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo si mikoa ya ukame. Ni ghala la nchi! Malori ya mahindi hutoka huko kulisha miji. Basi mtoto hadumai kwa kuwa nyumba haina unga. Hudumaa kwa kuwa apewa ugali mtupu, au uji mtupu, mara mbili kwa siku, hali mama yu shambani tangu jua kuchomoza, na maharage yamekwisha kuuzwa, na yai limepelekwa sokoni, na mboga ya kienyeji iliyoota kando ya nyumba imeng'olewa kama gugu. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Mjini mtoto hujazwa viazi na mafuta. Kijijini hujazwa unga. Wote wawili wamekosa kitu kimoja: chungu kilichochanganywa kwa akili, na mtu mwenye nafasi ya kukaa nao wakila.

Nchi hii imewahi kulijua jambo hili na kulitenda. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973. Ukame wa miaka ile ulituumiza sana, na wazee wangali wakumbuka foleni na unga wa manjano wa kutoka ng'ambo, ambao watu waliuita unga wa Yanga. Mwaka 1975 ilifanywa kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, na watu wazima vijijini walikaa katika vikundi wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana habari za mboga na kunde. Walikuwa na redio moja kwa kikundi kizima. Sisi leo tuna simu moja kwa kila mtu, na katika simu hiyo twajifunza kupika vyakula vya nchi ambazo hatutazikanyaga.

Sasa tuwajibu wenye hoja, maana wako, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza atasema, “Maharage yamaliza mkaa, na mkaa ni ghali kuliko maharage.” Ni kweli. Lakini aliyeyaloweka tangu usiku, akayamwaga yale maji, akayapika kwa maji mapya na kifuniko juu, atatumia moto kidogo sana kuliko yule anayeyachemsha makavu. Tena iko njia ya kikapu. Maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu karibu nusu saa, kisha sufuria ifungwe kifuniko vizuri na kutiwa ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu au matambara, na kufunikwa kwa blanketi. Yataendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe kwa saa kadha, na aliyekwenda kazini atayakuta yamelainika, au yamebakiza kidogo tu. Mwenye umeme na sufuria ya presha amekwisha kushinda. Serikali mwaka 2024 ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Hiyo ni habari njema. Ila jiko safi lisilo na chakula juu yake ni pambo la nyumba tu.

Wa pili atasema, “Nani atapika? Mke wangu naye ni mfanyakazi, hurudi amechoka kama mimi.” Huyu ndiye tuliyekuwa tukimngoja. Bwana, umesema kweli tupu, na umejihukumu mwenyewe. Ikiwa amechoka kama wewe, basi kwa nini yeye ashike mwiko na wewe ushike simu? Wengi wetu tulipokuwa bwenini tulichambua mchele na maharage kwa zamu, tukachota maji, tukasonga ugali wa watu mia, wala hakuna aliyesema ya kuwa uanaume wetu umepungua. Tulirudi nyumbani tukiwa na vyeti, na ghafula mikono yetu ikasahau. Chungu cha jioni hakitasimama kwa mgongo wa mama peke yake. Kikiwa ni mzigo wake pekee, atautua siku moja, naye atakuwa na haki. Baba na akate vitunguu. Kijana wa kiume na achambue mboga. Binti naye apewe muda wa kusoma kama kaka yake. Hapo ndipo tutakapoweza kusema kwa haki ya kwamba twataka desturi hii idumu.

Wa tatu atasema, “Watoto hawayapendi.” Mtoto hupenda kile anachomwona baba yake akila kwa furaha. Baba akikunja uso mbele ya mlenda, mtoto ataukunja wake. Baba akiomba nyongeza, na mtoto ataomba.

Na kwa kuwa maneno matupu hayashibishi, twatoa mfano wa juma moja, na kila mmoja ageuze kwa kadiri ya mkoa wake na mfuko wake, maana mtu hujikuna ajipatapo. Jumatatu iwe ugali wa dona kwa maharage na mchicha. Jumanne viazi vitamu vya kuchemsha na kunde. Jumatano ugali wa muhogo au mtama, kwa dagaa waliopikwa na nyanya, na matembele pembeni. Alhamisi ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, kama wafanyavyo Wachaga katika kiburu chao. Ijumaa wali kidogo na mbaazi za nazi, kama watu wa pwani. Jumamosi, siku yenye nafasi, makande: vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa kwa kikombe kimoja cha maharage, vilolowekwe usiku mzima, vichemshwe hata vilainike, ndipo vitiwe kitunguu, nyanya, chumvi na karanga zilizotwangwa. Jumapili, kama fedha imeruhusu, mtori. Maana nusu kilo ya nyama yenye mifupa, ikipikwa na ndizi nyingi, yaweza kuifurahisha nyumba nzima, hali ikikaangwa peke yake ingewafurahisha watu wawili tu. Kila siku tunda moja lililo katika msimu, liwe embe, papai au chungwa. Hicho si chakula cha maskini. Kuna matajiri waliopewa orodha ya namna hiyo na daktari, baada ya kuugua kisukari.

Limebaki jambo moja, nalo halihesabiki kwa shilingi. Nyumba ambayo watu wake hula pamoja huwa na nusu saa kila siku ambamo mtoto huyasikia mambo ya wakubwa, na wakubwa huyaona mambo ya mtoto. Hapo ndipo mama huona ya kwamba mdogo hali vizuri, kabla hajaugua. Hapo ndipo baba husikia ya kuwa mwalimu hakuja shuleni siku mbili. Hapo mtoto hujifunza kumngoja mwenzake, kutomega penye upande wa mwingine, na kusema asante kwa aliyepika. Hakuna shule ya serikali wala ya misheni inayoweza kufundisha mambo haya vizuri kuliko sinia moja juu ya mkeka.

Hatuwaombi wasomaji wetu wafanye jambo kubwa. Leo jioni, kabla ya kulala, lowekeni kikombe cha maharage. Kesho rudini nyumbani mapema kidogo, pitieni sokoni mkachukue fungu la mboga, na baba wa nyumba ndiye ashike kisu. Na mgeni akibisha hodi wakati chungu ki juu ya moto, msimtume mtoto mbio kibandani. Mkaribisheni, mnaweni mikono, mkiteremshe chungu mbele yake bila haya.